Kutoka Lowell hadi Dallas kwa lori la kukodi: viti, kimo na siku tano za njiani

SWALI: Mtaalamu, salamu nyingi. Mwishoni mwa Julai tunahama kutoka Lowell, Massachusetts, kwenda Dallas, Texas: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na shemeji yangu aliyewasili kutoka Nakuru miezi mitatu iliyopita, ambaye atanipokea usukani nikichoka. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili vya kulala. Nimeagiza lori la futi 26 ili tusipungukiwe na nafasi, na gari letu, Toyota RAV4 inayosukumwa na magurudumu yote manne, nitalivuta nyuma. Ramani ya simu inasema ni mwendo wa saa 27, kwa hiyo nimepanga tuondoke Ijumaa jioni na kufika Jumapili asubuhi. Sijawahi kuendesha lori. Je, kuna ninalolisahau?

JIBU: Ndugu msomaji, yapo mambo kadhaa, na moja kati yake lingewakwamisha kabla hamjatoka uani. Hesabu watu kwanza, masanduku baadaye. Mko watano, ilhali kabini ya lori la aina hiyo ina viti vitatu. Ukishalipandisha gari lenu kwenye trela, watu wawili hawana pa kukaa, na kule nyuma penye mizigo hapandi mtu hata kwa maili moja: ni hatari, ni marufuku, na joto la Julai ndani ya kasha lile lisilo na dirisha linaweza kuua. Kwa hiyo achana na trela. Mkeo aendeshe RAV4 akiwa na watoto, na mizigo ya thamani ikae humo humo garini pamoja naye.

Kwa faida ya wasomaji wengine wenye gari la namna hiyo, niongeze kwamba gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halivutwi kwa kile kitrela kidogo kinachoinua magurudumu ya mbele peke yake, kwa kuwa ya nyuma yakizunguka barabarani mtambo mzima wa kusukuma unaharibika. Gari hilo linahitaji trela linalolibeba zima zima. Na trela la aina yoyote linakunyima uhuru wa kurudi nyuma kwa urahisi, jambo ambalo mtu wa mara ya kwanza hulijutia katika kila kituo cha mafuta.

Ukubwa wa lori nao umeuchukua kwa woga. Futi 26 ni lori la nyumba ya vyumba vitatu au vinne. Linameza karibu futi za ujazo 1,700, wakati la futi 20 linameza karibu 1,000, na hizo zinatosha vyumba viwili vya kulala pamoja na sebule, mkipanga vizuri hadi kwenye dari. Kisheria hakuna tofauti kwako, maana malori yote haya yametengenezwa yasivuke uzito wa ratili 26,000 pamoja na mizigo, kiwango ambacho leseni ya kawaida inaruhusu. Kuanzia ratili 26,001 ndipo leseni ya biashara inapodaiwa. Tofauti ni ya mikono na macho. Lori fupi linakata kona kwa urahisi zaidi, linaegesheka hotelini, na mizigo iliyojaa sawasawa haichezi kama ile iliyotawanyika ndani ya kasha lililobaki nusu tupu. Badilisha agizo lako mapema, kwa kuwa mwisho wa mwezi wakati wa kiangazi ndio msimu wa kuhama Marekani nzima, malori ni adimu na bei iko juu. Mkiweza kusogeza safari hadi katikati ya mwezi, siku ya Jumanne au Jumatano, mtaona nafuu.

Sasa saa 27. Simu imekokotoa mwendo wa gari dogo ambalo halisimami. Njia nitakayokupa ina takriban maili 1,770. Lori lililojaa huliendeshi kwa maili 70 kwa saa. Maili 60 zinatosha, na milimani utashuka hadi 45 ukiwa umekanyaga mafuta hadi chini. Ukijumlisha vituo vya mafuta, choo cha watoto na foleni za Hartford na Nashville, wastani wa maili 50 kwa saa ni mzuri kabisa, nao unakupa saa 35 na zaidi za usukani. Madereva wa malori ya biashara nchini humo, watu ambao migongo yao imezoea, wanaruhusiwa kuendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, na wakifikisha saa 8 za kuendesha lazima wasimame nusu saa. Sheria hiyo haikuhusu wewe unayebeba vyombo vyako mwenyewe, lakini imewekwa kwa sababu, na sioni kwa nini mgeni wa lori ajipe masharti mepesi kuliko mzoefu. Panga maili 350 kwa siku, siku tano, na usiendeshe usiku.

Kuhusu shemeji, usinielewe vibaya: sina shaka na ujuzi wake. Lakini ametoka nchi ya kuendesha upande wa kushoto juzi tu, na lori si mahali pa kuzoeza jicho upande wa kulia. Zaidi ya hayo, mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wa kukodi akishika usukani, kinga ya bima uliyoilipia inaweza kufutika. Ukitaka aendeshe, nenda naye ofisini na leseni yake, uulize kama wanaikubali, na jina liandikwe mbele yako. Wakikataa, bado ana kazi kubwa. Awe utingo. Akae kiti cha kulia, asome ramani na mabango ya kimo, na ashuke kukuongoza kila unaporudi nyuma, bila kukosa, hata kama uwanja unaonekana mtupu. Kwa macho yangu, utingo makini ana faida kuliko dereva wa pili aliyechoka.

Nimetaja kimo, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndicho kitu ambacho mtu aliyezoea gari dogo hana mazoea nacho hata chembe. Maisha yako yote umekuwa ukiangalia mbele na pembeni. Hakuna siku uliyolazimika kuangalia juu. Lori lako litakuwa na urefu wa kwenda juu wa futi 11 hadi 13, kutegemea kampuni na ukubwa. Kimo kamili huandikwa kwenye kibandiko ndani ya kabini. Kinakili kwa futi na inchi kwenye karatasi, kwa kuwa mabango ya barabarani yameandikwa hivyo, kisha uibandike karatasi mbele ya usukani.

Wengi hudhani hatari iko kwenye barabara kuu zinazounganisha majimbo. Sivyo. Barabara hizo zimejengwa kwa kipimo cha madaraja ya kimo cha angalau futi 16 vijijini na 14 mijini, na malori marefu kuliko lako yanapita humo usiku na mchana. Hatari iko katika maili ya kwanza, maili ya mwisho, na kila mahali unapochepuka kutafuta mafuta, chakula au kitanda. Kule Durham, North Carolina, kuna daraja la reli ambalo kwa miaka mingi lilikuwa na kimo cha futi 11 na inchi 8, na likajipatia umaarufu kwa kuchana mapaa ya malori, mengi yakiwa ya kukodi, licha ya taa na mabango ya onyo. Mwaka 2019 liliinuliwa hadi futi 12 na inchi 4, na bado malori yanaligonga. Jirani na ninyi, Boston, kuna Storrow Drive, barabara ya magari madogo pekee, ambayo kila ifikapo mwanzoni mwa Septemba, wanafunzi wanapohamia, hunasa malori chini ya madaraja yake.

Ramani ya kawaida ya simu haijui kama uko kwenye lori. Ukiiachia ikuchagulie, inaweza kukupeleka kusini mwa Connecticut na kukuingiza Merritt Parkway, kisha Hutchinson River Parkway upande wa New York, barabara za bustani zenye madaraja ya kimo kifupi ambazo haziruhusu malori, ya kukodi yakiwemo. Ukiona neno «Parkway» katika majimbo hayo mawili, usiingie hata kama simu inasisitiza. Tumia programu ya ramani ya malori, inayokuuliza kimo na uzito kabla ya kukupa njia.

Mimi mwenyewe sikulipata somo hili kwenye daraja. Nililipata chini ya paa la baraza ya hoteli moja kando ya barabara huko Virginia, saa nne usiku, nikitaka tu kusogea karibu na mlango nijiandikishe. Nilisikia sauti kama ya mtu anayepasua turubai polepole, nikadhani ni tawi la mti. Asubuhi nilipanda ngazi nikaona mchano mwembamba kwenye kona ya paa, mfupi kuliko mkono wangu, nikaudharau. Mvua ikatukuta Tennessee, na tulipofungua mlango wa nyuma siku mbili baadaye, magodoro mawili yalikuwa yamelowa hadi katikati na sanduku la vyeti vya shule limevimba kama mkate. Bima niliyoinunua ilitaja wazi kwamba uharibifu wa juu haumo. Tangu siku hiyo huegesha lori mbali na kuingia hotelini kwa miguu.

Ndiyo maana nasema soma bima kabla ya kutia sahihi. Bima ya gari lako binafsi kwa kawaida haifuati lori la kuhamia, na kinga ya kukodi magari inayokuja na kadi nyingi za benki huyaacha malori nje. Kampuni zenyewe huuza ngazi mbalimbali za kinga, na mara nyingi ile ya bei nafuu haigusi paa. Uliza swali moja tu kaunta: nikigonga juu, nani analipa? Kisha uonyeshwe jibu kwenye karatasi.

Njia ninayokushauri ni hii. Tokeni Lowell kwa I-495 (herufi I ni ya Interstate, yaani barabara kuu ya kuunganisha majimbo) kuelekea kusini, mshike I-90 kwenda magharibi hadi Sturbridge, kisha I-84 kupitia Hartford na Danbury, mvuke mto Hudson kwa daraja la Newburgh–Beacon, mwendelee hadi Scranton, Pennsylvania, ambako mtaichukua I-81. Njia hii inawaepusha na jiji la New York lote, foleni zake na tozo za madaraja yake. Tozo yenu inaishia karibu yote pale Sturbridge, kwa kuwa daraja la Newburgh–Beacon hutoza wanaokwenda mashariki peke yao. Kwenye I-90 ya Massachusetts hakuna vibanda tangu 2016. Kamera inasoma namba ya gari, na bili ikimfikia mwenye lori, atakupelekea pamoja na ada yake ya usumbufu. Ikiwa una akaunti ya tozo, sajili namba ya lori kwa siku hiyo, lakini usilete kile kifaa cha gari dogo ukakibandika kwenye lori, kwani viwango vya malipo ni tofauti.

Lala usiku wa kwanza maeneo ya Carlisle, Pennsylvania, baada ya maili zaidi kidogo ya 400, ambayo ndiyo siku ndefu kuliko zote, ingawa utakuwa na nguvu mpya. Siku ya pili utakatiza maili 12 tu za Maryland na 26 za West Virginia, halafu uingie Virginia, ambako I-81 ina maili 325 na malori makubwa yasiyokwisha. Kaa njia ya kulia uwaache wapite. Karibu na Wytheville utakutana na kitu kitakachokuchanganya: kwa maili chache barabara hiyo moja inabeba namba mbili, na bango litakuambia kwamba unakwenda kusini kwa I-81 na kaskazini kwa I-77 kwa wakati mmoja. Hujapotea. Wewe fuata 81, na mlale hapo Wytheville.

Siku ya tatu I-81 inakwisha mashariki ya Knoxville na kuwaachia I-40. Baada ya Knoxville mtapanda uwanda wa Cumberland, kisha mtashuka kuelekea Cookeville. Kwenye mteremko wa namna hii weka gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, uiachie injini ikushike, na breki uzikanyage kwa vipindi. Ukizikalia mfululizo zitapata moto na kulegea pale unapozihitaji. Huko huko saa itarudi nyuma saa moja, kwa kuwa mnavuka kwenda saa za kati. Laleni Nashville au kabla yake. Siku ya nne ni Memphis, daraja la Mississippi, na Little Rock. Siku ya tano ni I-30 kupitia Texarkana, maili kama 320 hadi Dallas, tambarare na joto kali.

Kwa mafuta, usitegemee sana takwimu za matangazo. Lori lililojaa likikupa maili 8 kwa galoni, safari yote itakula galoni 221 hivi. Kwa mfano wa dola 3.50 kwa galoni, hizo ni dola 775 hivi. Weka hizo kando kabla ya kufikiria hoteli. Uliza pia lori linakunywa nini: malori ya U-Haul hutumia petroli, ilhali malori makubwa ya Penske hutumia dizeli, na kosa la pampu ni kosa la kuua injini. Jaza tangi likifika nusu, kwenye vituo vikubwa vya kando ya barabara, na soma kimo cha paa la kituo kabla ya kuingia chini yake. Ulinganishapo bei, kumbuka kwamba kampuni nyingine hukupa idadi maalumu ya maili na siku, na kila kinachozidi kinalipiwa, wakati nyingine kama Penske haziweki kikomo cha maili kwa safari ya kwenda bila kurudi. Kwa siku tano mlizonazo, hilo laweza kubadilisha hesabu yote.

Upakiaji utakuwa na watu wengi wenye maoni, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Vizito, yaani friji, mashine ya kufulia na masanduku ya vitabu, vikae mbele karibu na kabini, chini, vikigawanywa kushoto na kulia. Funga kwa mikanda kila futi chache badala ya kungoja mwisho. Friji likaushwe siku moja kabla. Mitungi ya gesi, petroli ya mashine ya kukatia majani na rangi za mafuta visipande kabisa. Dawa, pasipoti, kadi za uhamiaji na vyeti vya kuzaliwa viwe kwenye RAV4.

Liko jambo ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Massachusetts imo katika eneo la karantini ya nondo mmoja mharibifu wa misitu, ambaye hutaga mayai kwa mafungu yenye rangi ya hudhurungi kama kipande cha sifongo, na sheria ya serikali kuu inawataka wanaohamia maeneo yasiyo na mdudu huyo, Texas ikiwa mojawapo, wakague vyombo vilivyokaa nje ya nyumba. Pindua meza ya uani, jiko la kuchomea nyama na baiskeli za watoto, utazame chini yake, ukwangue ukionacho, na uibebe karatasi ya ukaguzi uliyoijaza.

Kuhusu mizani, yaani vituo vya kupimia uzito wa malori njiani, najua neno hilo linamkumbusha Mkenya Mlolongo na Gilgil. Hapa kila jimbo lina kanuni yake. Bango likisema malori yote, au likitaja ya kukodi, ingia, uonyeshe mkataba ukiulizwa, na mara nyingi utapungiwa mkono upite. Anayehamia Florida ajue kwamba vituo vya ukaguzi wa kilimo vya jimbo hilo vinayataka malori ya kukodi yasimame bila ubishi.

Usiku ndio wakati wa wezi, ambao hulijua lori la kuhamia kwa rangi yake. Nunua kufuli lako la mviringo, lile ambalo mkasi wa chuma haulifikii kwa urahisi. Piga simu hotelini kabla ya kulipia, uulize kama kuna nafasi ya lori, na uegeshe chini ya taa, mlango wa nyuma ukiwa umekaribiana na ukuta kiasi kwamba haufunguki.

Siku ya kufika, mkeo atangulie na RAV4 hadi kwenye nyumba mpya, atazame matawi ya miti, nyaya na lango la makazi, akupigie simu ukiwa bado umesimama kwenye kituo cha mafuta. Mkishapakua, pima tena macho yako juu, maana lori tupu hunyanyuka kidogo kwenye springi zake, na mti uliouponea asubuhi unaweza kukukwangua jioni. Jaza mafuta hadi alama ile ile uliyoikuta Lowell, upige picha ya kipimo cha mafuta, ya namba za maili na ya pande zote nne za lori, kama ulivyozipiga siku ya kulichukua, na picha hizo usizifute hadi dhamana yako irudi.